Bunduki Dirishani mwa Motokaa

Msomaji, ukitaka kuujua moyo wa watu wa nchi fulani, usizitazame sheria zao kubwa tu, kama sheria ya kuua na sheria ya kuiba, maana hizo hufanana karibu kila mahali. Zitazame na sheria zao ndogo, zile zinazoonekana kama zimetungwa kwa ajili ya jambo la kando. Moja katika hizo ni sheria inayomkataza mtu kupiga bunduki akiwa ndani ya chombo cha safari. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huuliza, na ana haki ya kuuliza: risasi hubadilika nini kwa kutokea dirishani? Aliyepigwa na mtu aliyesimama juu ya majani, na aliyepigwa na mtu aliyeketi juu ya kiti cha ngozi, wote wawili wana jeraha moja. Kwa nini basi magurudumu yahesabiwe?

Swali hili nimelichukua moyoni kwa muda mrefu, na nchi niliyokulia ndiyo iliyonifundisha kulijibu. Tongaren ni nchi ya mahindi. Iko upande wa mashariki wa Bungoma, mpakani mwa Trans-Nzoia, na mtu wa kwetu akisema anakwenda mjini huenda Kitale mara nyingi kama aendavyo Bungoma. Leo ukisimama juu ya kilima utaona mashamba yaliyoshonana kama viraka vya kanzu kuukuu: mahindi, maharage, miwa kidogo, na mabati ya nyumba yakimeta katikati. Mnyama mkubwa hapo ni ng'ombe. Mtoto wa Naitiri au Ndalu anayetaka kumwona twiga hana budi kumtafuta kitabuni. Lakini mashamba hayo yaligawiwa wananchi katika miaka ya 1960, serikali ilipoyanunua kwa walowezi. Na kabla ya walowezi kuja, uwanda huu na uwanda wa Uasin Gishu ulio jirani yake ulijaa kongoni, taya, twiga na tembo.

Tuna shahidi wa jambo hilo. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda katika Afrika ya Mashariki, akafika mpaka Uasin Gishu na kupiga kambi karibu na mto Nzoia. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari yao yote, kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe. Ni hesabu ya kutisha, nami siipambi. Lakini angalia namna alivyowinda: kwa miguu na kwa farasi. Alitembea juani, aliloa mvua, alitambaa kwa tumbo. Katika mwaka huo leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa rupia 750, na ya mlowezi rupia 150. Sheria ya wakati ule ilihesabu leseni na vichwa vya wanyama, kwa sababu miguu ya mwindaji yenyewe ilikuwa sheria ya pili, na sheria hiyo haikuhitaji askari. Mtu huchoka, na uchovu wa mtu ndio uliokuwa usalama wa mnyama.

Motokaa iliifuta sheria hiyo ya pili. Baada ya Vita Kuu vya kwanza magari yaliongezeka, barabara zikakatwa, na mwaka 1926 reli ilifika Kitale. Mtu aliyekuwa akiweza kuwinda maili kumi kwa siku sasa aliweza kuwinda maili mia. Tena lilizuka jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: wanyama hawakuijua motokaa kuwa ni adui. Simba aliyezoea kuinuka na kwenda zake aonapo mtu yuko mbali, aliitazama motokaa kama aitazamavyo kichuguu. Iliweza kumkaribia hata hatua ishirini, naye amelala chini ya mti akipiga miayo.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi katika mbuga za Serengeti, nchi ya Tanganyika, katika miaka ya mwisho ya 1920. Wageni matajiri waliendeshwa kwa magari mpaka mbele ya simba, wakawapiga kutoka vitini. Aliyepaza sauti juu ya aibu hiyo hakuwa mtawa, bali mwindaji wa kazi: Denys Finch Hatton, yule aliyemwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza katika safari ya 1928 na ya 1930. Aliandika barua katika gazeti la Times la London kulaani mauaji hayo. Ndege yake ilianguka Voi mwaka 1931 akafa. Miaka miwili baadaye, tarehe 8 Novemba 1933, mataifa yaliyotawala Afrika yalitia sahihi mkataba mjini London juu ya kuhifadhi wanyama na mimea. Kifungu chake cha kumi kilikataza kutumia motokaa au ndege katika kuwinda, kuua au kukamata wanyama, na hata kuwafukuza na kuwasumbua.

Kutoka hapo wawindaji wa Kenya waliijua kanuni ya yadi 200. Mtu aliruhusiwa kufika mbugani kwa motokaa, lakini ilimpasa kushuka na kuiacha nyuma yadi 200 kabla ya kupiga. Kanuni hiyo ilitiwa hata katika hadithi. Mwamerika Ernest Hemingway, aliyewinda Kenya na Tanganyika mwaka 1933 na 1934, alitoa mwaka 1936 hadithi juu ya Francis Macomber, na ndani yake nyati wanafukuzwa kwa motokaa. Mwindaji anayeongoza safari anakiri kwamba Nairobi wakilisikia hilo, leseni yake imekwenda. Jirani zetu wa Tanzania wanaoruhusu uwindaji mpaka leo wameiweka kanuni hiyo katika sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 2009, ila yadi zimekuwa mita.

Mimi husema kwamba yadi 200 ni kipimo cha hekima kuliko kinavyoonekana. Si umbali wa risasi. Risasi huenda mbali zaidi ya hapo. Ni umbali wa mtu. Katika yadi 200 mwindaji husikia moyo wake, huuona upepo uendako, hukumbuka kwamba mnyama akigeuka hana mlango wa kufunga. Pengine njiani hubadili nia akarudi. Dirishani hakuna nafasi ya kubadili nia: kuona na kuua ni jambo moja.

Sasa nitakueleza upande mwingine wa habari hii, kwa sababu sheria iliyoandikwa vizuri si lazima iwe imetumika vizuri.

Kulikuwa na mzee kwetu tuliyemwita Kuka, yaani babu kwa Kibukusu, ingawa hakuwa babu yangu wa damu. Katika ujana wake, miaka ya 1950, alikuwa taniboi wa lori katika shamba la mlowezi mmoja upande wa Kitale. Alinihadithia kwamba usiku wa mbalamwezi kufifia, bwana wake alikuwa akisimama nyuma ya lori na bunduki, na yeye Kuka hushika taa kubwa iliyofungwa kwa waya katika betri ya gari. Taa ikizungushwa, macho ya kongoni na taya hung'aa kizani kama makaa. Mnyama akiangazwa husimama akashangaa; kisha bunduki hulia. Lori hutikisika, mkono wa mpigaji hutikisika nalo, na kwa hiyo, alisema Kuka, katika wanyama watano waliopigwa walichukuliwa wawili. Watatu walikwenda kufia katika matete ambako lori haliwezi kuingia. Asubuhi wachungaji walifuata damu, wakawapata, wakala nyama. Siku moja askari walikuja shambani. Waliwakamata wachungaji kwa kosa la kuwa na nyama ya porini. Bwana mwenye lori aliwapa askari chai.

Nilimwuliza Kuka kama alijua wakati ule kwamba kupiga kutoka garini ni kosa. Akacheka sana. "Mwanangu," akasema, "mimi nilijua kosa moja tu, kuangusha taa."

Ukikisoma tena kile kifungu cha kumi cha mkataba wa 1933 utaona kwamba motokaa haikusimama peke yake. Pamoja nayo zilitajwa kuwa ni njia za kuzuiwa: moto wa kuzingira wanyama, sumu na silaha zenye sumu, nyavu, rima, tanzi na mitego. Kwa maneno mengine, kosa la tajiri na riziki ya maskini vilitiwa katika kapu moja. Mzee wa Kibukusu aliyechimba rima, au Mkamba aliyeupaka mshale wake sumu, hakuulizwa neno London. Wala sidai kwamba rima ni jambo la huruma. Mnyama huvunjika miguu humo na kungoja kufa. Nasema tu kwamba mwenye rima hawezi kuua mbuga nzima kwa wiki moja, na mwenye lori na taa anaweza. Hapo sheria ilipima namna ya kuua ikasahau kupima kiasi.

Tena usidhani kwamba hayo yalikuwa mawazo ya wakoloni pekee. Mwaka 1968 viongozi wa nchi huru za Afrika walikutana Algiers wakafanya mkataba wao wenyewe wa kuhifadhi maliasili, nao pia wakakataza kuwinda kwa vyombo vya magurudumu. Kenya ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1977 ilipiga marufuku uwindaji wote wa michezo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilipotungwa iliweka adhabu kubwa mno kwa makosa ya wanyama walio hatarini kwisha, faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Lakini sheria hiyo hiyo iliona tofauti ambayo London haikuiona, ikamtenga anayewinda kwa ajili ya chakula chake: kwake faini ilianzia shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita. Bado ni adhabu, na kwa mtu wa jembe shilingi 30,000 si mchezo, lakini walau njaa na anasa hazikupimwa kwa mzani mmoja.

Na wanyama wa kwetu? Twiga wa mwisho wa uwanda huu walibaki katika shamba kubwa la ng'ombe karibu na Soy, si mbali na Tongaren. Shamba hilo lilipokaribia kugawiwa watu, mwaka 1974 mume na mke wa jamaa ya Leslie-Melville walimchukua ndama mmoja, wakamwita Daisy, wakamlea nyumbani kwao Langata. Mwaka 1977, mwaka ule ule wa marufuku, wengine walihamishiwa mbuga ya Ziwa Nakuru. Waliondoka nchi ya Nzoia kwa motokaa. Nani angewazuia watu wasipewe ardhi? Mimi mwenyewe nimekula mahindi ya ardhi hiyo.

Pengine unaniuliza, msomaji, kwamba sheria ya wanyama yatuhusu nini, na wanyama wamekwisha. Inatuhusu kwa sababu bunduki haikwenda Nakuru pamoja na twiga. Siku hizi anayelengwa kutoka dirishani ni mtu. Na hapa kuna jambo la kustaajabisha: Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyowekewa vifungu vingi, haina kifungu kinachotaja kumpiga mtu risasi kutoka garini kuwa ni kosa la pekee. Kwa kongoni magurudumu yalihesabiwa. Kwa binadamu hayahesabiwi. Mpigaji hushitakiwa kwa alichokitenda. Akiua kwa kusudi, kifungu cha 203 na cha 204 humngojea, na adhabu yake iliyoandikwa ni kifo, ingawa Mahakama ya Juu iliamua tarehe 14 Desemba 2017 kwamba hakimu hawezi kulazimishwa kuitoa, na tangu mwaka 1987 hakuna aliyenyongwa. Akikosa kuua naye alikusudia, kifungu cha 220 kinaweza kumfunga maisha. Akijeruhi kwa kusudi la kulemaza, kifungu cha 231 ni hivyo hivyo. Polisi naye, hata awe juu ya gari la serikali, hana ruhusa ya kupiga apendavyo: sheria ya polisi ya mwaka 2011 inamtaka atumie silaha pale tu njia nyepesi zilipokwisha, tena kila anapofyatua amwarifu mkubwa wake, hata kama hakuna aliyeumia.

Kuna nchi zilizochagua njia nyingine. Katika jimbo la California, Marekani, ambako makundi ya vijana wa mijini yalifanya desturi ya kupita mtaa wa adui kwa motokaa na kumimina risasi, sheria imelitaja kosa hilo kwa jina. Anayempiga risasi mtu kutoka garini kwa ubaya hufungwa miaka 3, 5 au 7, hata kama risasi imekosa. Akiua kwa kusudi kwa njia hiyo, anaweza kuhukumiwa kifo au kifungo cha maisha bila tumaini la kutoka. Wapiga kura wenyewe waliliongeza hilo mwaka 1996. Na dereva hakusahauliwa. Dereva, au mwenye gari, anayejua na kuruhusu mtu apige bunduki kutoka garini mwake, ana kosa lake mwenyewe na kifungo chake mwenyewe, hata kama mwenye gari hakuwamo ndani.

Ni ipi iliyo bora? Wako wanaosema kwamba sheria iwe fupi, na kuua ni kuua. Mimi naelekea kwa wale wa pili. Mtu anayeua kwa miguu huacha alama ya viatu, huonekana uso, huhema. Jirani huweza kumfukuza. Anayeua kutoka garini ametengeneza kukimbia kwake kabla ya kutengeneza kuua kwake. Wala hajui risasi imekwenda wapi: lengo lake linasogea, na yeye mwenyewe anasogea, na kati yao yupo mama anayeuza nyanya. Woga huo uliopangwa, na kutojali huko, ni uovu wa pili juu ya uovu wa kwanza, na uovu wa pili wastahili jina lake katika kitabu cha sheria.

Juu ya dereva, hata hivyo, Kenya haikulala. Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu humhesabu kuwa mtenda kosa hata yule anayesaidia au kushawishi; na kifungu cha 21 husema kwamba watu wakikusudia pamoja jambo la uhalifu, na katika kulitenda likazuka kosa lililotazamiwa kufuata, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Aliyeshika usukani anaweza kusimama kizimbani bega kwa bega na aliyeshika bunduki. Nilimsomea Kuka kifungu hicho siku moja, miaka michache kabla ya kufa kwake, nikikitafsiri polepole. Alinyamaza kwa muda, akauliza kama katika kitabu hicho kuna kifungu kinachosema taniboi aliyekataa kushika taa angelipwa na nani mshahara wake wa mwezi. Nikamwambia hakipo. Akasema, "Basi hakijakwisha kuandikwa."

Swali lake halijapata jibu, na siku hizi limehamia kwa vijana wa pikipiki. Katika soko la Tongaren utawaona wamejipanga tangu alfajiri, wengine ni wanafunzi wenu wa juzi, wakingoja abiria wa Kamukuywa, wa Kiminini, wa Kitale. Pikipiki nayo ni chombo cha safari. Abiria hupanda nyuma akiwa amevaa koti refu, hutaja mahali, hutoa bei iliyozidi kawaida, naye kijana hana ruhusa wala ujuzi wa kumpekua. Ikiwa njiani atausikia mlio karibu na sikio lake, na sauti inayomwambia aongeze mwendo, atakuwa na nukta chache tu za kuamua kama yeye ni mtu aliyetekwa au mtu aliyekusudia pamoja. Hakimu atakuja kuzipima nukta hizo kwa miezi. Atauliza kama alijua alichokichukua. Kama bei ile haikumshangaza. Na baada ya kumshusha abiria yule aliipeleka wapi pikipiki yake, kituo cha polisi au nyumbani.